Modeli za Kihisabati Zinavyosaidia Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele

Katika maeneo yenye maambukizi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na fimbo ya kupimia urefu, daftari la kaya na makopo ya dawa. Hugawa kingatiba za matende na mabusha, usubi, kichocho na minyoo ya tumbo, na mwananchi hazilipii. Kazi hiyo inaonekana kuwa nyepesi, lakini nyuma yake yapo maswali ambayo darubini peke yake haiwezi kuyajibu. Dawa igawiwe kwa miaka mingapi? Imfikie nani? Na ni lini ugawaji unaweza kusimamishwa bila ugonjwa kurudi?

Kosa katika majibu hayo lina gharama. Ugawaji ukiendelea pasipo haja, fedha, dawa na muda wa wahudumu hupotea. Ukisimamishwa kabla ya wakati, maambukizi huanza kujijenga upya kimyakimya, na miaka kadhaa ya kazi hubatilika. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya jamii wameendelea kutegemea modeli za kihisabati, yaani mifumo ya milinganyo inayoeleza jinsi ugonjwa unavyopita kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na namna kila hatua ya udhibiti inavyobadili mwenendo huo.

Magonjwa yanayohusika

Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele ni kundi la magonjwa yanayoathiri zaidi jamii maskini za nchi za joto. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu bilioni 1 duniani wanaathiriwa na magonjwa hayo. Kundi hilo sasa lina magonjwa na hali 21, baada ya ugonjwa wa noma, unaooza kinywa na uso wa watoto wenye utapiamlo, kuongezwa Desemba 2023. Mengi kati yake hayaui haraka, bali hupofusha, hulemaza, huharibu viungo, hudumaza watoto na humtenga mgonjwa na jamii yake.

Januari 2021 Shirika hilo lilizindua mwongozo wa miaka 10 wenye malengo ya mwaka 2030. Miongoni mwa malengo hayo ni kupunguza kwa asilimia 90 idadi ya watu wanaohitaji kingatiba au matibabu ya magonjwa hayo, na kuziwezesha nchi 100 kutokomeza angalau ugonjwa mmoja wa kundi hili. Juni 2022, viongozi wa nchi na wadau walikutana Kigali, Rwanda, na kutoa tamko la kuunga mkono malengo hayo. Malengo yenye tarehe huhitaji makadirio: kama nchi itaendelea na kasi iliyopo, je, itafika? Modeli ndizo zinazotumika kujibu swali hilo kabla tarehe haijafika.

Modeli ni nini na inafanyaje kazi

Modeli ya ugonjwa huanza na maelezo ya kibaiolojia. Kwa matende na mabusha, kwa mfano, mbu humuuma mtu mwenye maambukizi na kufyonza vijidudu vichanga vya minyoo, vijidudu hivyo hukua ndani ya mbu, kisha mbu huwapeleka kwa mtu mwingine, ambamo hugeuka minyoo mikubwa inayoishi kwa miaka kadhaa na kuzaa upya. Kila hatua hupewa kipimo chake: mbu wangapi humuuma mtu kwa mwezi, minyoo huishi muda gani, dawa huua sehemu gani ya vijidudu, na watu wangapi humeza dawa. Vipimo hivyo huunganishwa katika milinganyo, na kompyuta hufuatilia matokeo mwaka baada ya mwaka.

Kipimo kinachobeba uzito mkubwa ni idadi ya msingi ya uambukizaji. Kwa magonjwa ya minyoo, idadi hiyo humaanisha wastani wa minyoo wapya wanaofikia ukubwa wa kuzaa kutokana na mnyoo mmoja, katika mazingira yasiyo na kizuizi. Ikiwa juu ya 1, ugonjwa hustawi. Ikishushwa chini ya 1, hufifia.

Mfano wa kufikirika unaonesha jinsi tofauti ndogo inavyoweza kuamua hatima ya kampeni. Chukua ugonjwa ambao kila mnyoo huacha minyoo 3. Kampeni ikipunguza uambukizaji kwa asilimia 60, kila mnyoo utaacha 1.2, na ugonjwa utaendelea kuongezeka, ingawa kwa mwendo wa taratibu. Kampeni ikipunguza uambukizaji kwa asilimia 70, kila mnyoo utaacha 0.9, na ugonjwa utaanza kurudi nyuma. Baada ya vizazi 10, minyoo 1,000 ya mwanzo watakuwa zaidi ya 6,000 katika hali ya kwanza, na takriban 350 katika hali ya pili. Kilichotenganisha kushindwa na kushinda ni pointi 10 tu za asilimia.

Chimbuko la fikra hii

Matumizi ya hisabati katika udhibiti wa magonjwa yanayoenezwa na wadudu yanahusishwa zaidi na Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kubaini nafasi ya mbu katika uenezaji wa malaria. Baada ya kufanya kazi nchini Mauritius, Ross alitumia milinganyo kuonesha kwamba si lazima kuua kila mbu ili kuikata malaria. Inatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani cha ukomo, na ugonjwa utashindwa kujiendeleza wenyewe. Wazo hilo lilipingwa na wengi wa wakati wake, lakini limebaki kuwa msingi wa udhibiti wa wadudu hadi leo.

George Macdonald, aliyeendeleza kazi ya Ross, aliipeleka hisabati hiyo kwenye minyoo. Mwaka 1965 alichapisha uchambuzi kuhusu kichocho uliotoa hoja yenye uzito: minyoo ya kichocho ni dume na jike, na ili mayai yapatikane, lazima wakutane ndani ya mwili wa mtu mmoja. Maambukizi yakishuka sana, minyoo wengi hubaki bila wenza na uzazi hukwama. Kwa hiyo kipo kiwango ambacho chini yake ugonjwa huporomoka wenyewe, hata kama mnyoo wa mwisho hajauawa. Kukifikia kiwango hicho ndiyo maana ya kuvunja mnyororo wa maambukizi.

Lini kuacha: somo la usubi Afrika Magharibi

Jaribio kubwa la mapema la kutumia modeli katika uamuzi wa kisera lilikuwa la usubi, ugonjwa unaosababisha muwasho mkali wa ngozi na upofu. Mwaka 1974 ulianza Mpango wa Kudhibiti Usubi Afrika Magharibi, ukihusisha nchi 7 na baadaye 11. Kabla ya dawa ya ivamektini kupatikana, njia kuu ilikuwa kunyunyizia viuatilifu kwenye mito inayokwenda kasi, ambako inzi wanaoeneza ugonjwa huo huzaliana. Unyunyiziaji haukumtibu mtu aliyekwisha kuambukizwa. Ulizuia tu maambukizi mapya, wakati minyoo waliomo mwilini wakizeeka na kufa.

Swali likawa: unyunyiziaji uendelee kwa muda gani? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, wakishirikiana na wataalamu wa mpango huo, walitengeneza modeli iitwayo ONCHOSIM, iliyofuatilia maisha ya mtu mmoja mmoja na minyoo waliomo mwilini mwake. Jibu lilikuwa takriban miaka 14 ya udhibiti usiokatika. Baada ya hapo, hatari ya ugonjwa kurudi ingekuwa chini ya asilimia 1. Matokeo hayo yaliisaidia kamati ya wataalamu kupanga lini kazi isitishwe katika kila bonde la mto. Ivamektini ilipoanza kutolewa bila malipo na kampuni ya Merck mwaka 1987, modeli hiyo ilitumika tena kukadiria muda ambao ungehitajika iwapo dawa na udhibiti wa inzi vingetumika kwa pamoja. Mpango huo ulihitimishwa mwaka 2002.

Somo hilo lina uzito kwa Tanzania. Katika eneo la Mahenge, mkoani Morogoro, ugawaji wa ivamektini mara moja kwa mwaka ulianza mwaka 1997. Hata hivyo, tafiti zilizofanyika takriban miaka 20 baadaye zilibaini kwamba maambukizi ya usubi bado yapo, pamoja na kiwango kikubwa cha kifafa kinachohusishwa na ugonjwa huo. Modeli hutoa maelezo ya hali ya namna hiyo. Pale ambapo inzi ni wengi mno na maambukizi ya mwanzo yalikuwa makubwa, dozi moja kwa mwaka huacha muda mrefu ambao minyoo hurejea kuzalisha vijidudu kabla ya dozi inayofuata. Ndiyo sababu ya kupendekezwa kwa ugawaji mara mbili kwa mwaka, na kwa udhibiti wa inzi, katika maeneo sugu.

Matende na mabusha: visiwa vilivyotoa funzo

Mpango wa kimataifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000. Ulijengwa juu ya kanuni inayoeleweka kwa urahisi: gawa dawa kwa jamii nzima angalau mara moja kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua 5, na uwafikie angalau asilimia 65 ya wakazi wote. Mantiki yake ni kwamba dawa huondoa vijidudu vichanga kwenye damu, lakini haiwaui kwa ukamilifu minyoo wakubwa. Hivyo damu inapaswa kuwekwa safi hadi minyoo wakubwa wazeeke na kufa.

Zanzibar ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo barani Afrika kutekeleza kanuni hiyo. Kampeni ya kugawa dawa kwa wakazi wote wa Unguja na Pemba ilianza mwaka 2001, na duru 6 zilikamilika kufikia mwaka 2006. Maambukizi yalishuka kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka iliyofuata ulibaini kwamba mnyororo wa maambukizi haukuwa umekatika, na ugawaji ukalazimika kurejeshwa.

Modeli zinaonesha kwa nini idadi moja ya duru haiwezi kutosha kila mahali. Kwanza, pale ambapo kiwango cha mwanzo cha maambukizi ni kikubwa, safari ya kushuka hadi kwenye ukomo ni ndefu zaidi. Pili, aina ya mbu ina nafasi yake. Katika vijiji vingi vya bara ugonjwa huenezwa na mbu wa jamii ya Anofelesi, ambao vijidudu wakiwa wachache katika damu, wengi huharibika ndani ya mbu kabla ya kukua. Katika miji ya pwani na visiwani, mwenezaji mkuu ni mbu wa jamii ya Kuleksi, anayezaliana kwenye maji machafu na vyoo vya shimo. Mbu huyo huweza kukuza vijidudu kwa ufanisi hata vinapokuwa vichache. Kwa hiyo ukomo wa maambukizi katika maeneo ya Kuleksi uko chini zaidi, na kuufikia kwa dawa pekee ni kugumu zaidi.

Ushahidi wa jambo hilo ulikwishapatikana Zanzibar yenyewe. Huko Makunduchi, Unguja, watafiti waliunganisha dawa na udhibiti wa mbu kwa kumwaga chembe ndogo za polistirini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe hizo huelea na kufunika uso wa maji, hivyo mbu hukosa mahali pa kutagia na viluwiluwi hukosa hewa. Maambukizi yaliendelea kushuka hata baada ya dawa kusitishwa. Katika jamii iliyolinganishwa nayo, iliyopewa dawa bila udhibiti wa mbu, maambukizi yalianza kupanda tena.

Asilimia ileile, matokeo tofauti

Mchango mkubwa wa hisabati katika miaka ya karibuni ni kufichua jambo ambalo takwimu za wastani huficha: watu ambao hawajawahi kumeza dawa hata mara moja.

Chukua vijiji viwili vya kufikirika, kila kimoja kikiwa na wakazi 1,000. Vyote viwili vimefikia asilimia 65 katika kila duru kwa miaka 5, na taarifa zao zinazopelekwa wilayani zinafanana. Katika kijiji cha kwanza, wanaokosa dawa hubadilika kila mwaka: huyu alisafiri mwaka huu, yule aliugua mwaka jana. Nafasi ya mtu kukosa duru zote 5 ni 0.35 ikizidishwa kwa yenyewe mara 5, yaani karibu nusu ya asilimia 1. Baada ya miaka 5, ni watu wapatao 5 tu ambao hawajaguswa na dawa. Katika kijiji cha pili, wanaokosa ni walewale kila mwaka: wavuvi walioko dago, wafugaji wanaohama, vijana wanaokwenda machimboni, au watu wasioiamini dawa. Hapo, baada ya miaka 5, watu 350 hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Watu hao hubaki hazina ya ugonjwa, na mbu huanza upya kutoka kwao.

Kijiji cha kwanza huenda kikawa kimekaribia kuvunja mnyororo; cha pili huenda hakijasogea. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa modeli wamekuwa wakishauri kwamba tathmini za kampeni zisiishie kuuliza “wangapi wamemeza dawa mwaka huu?”, bali ziulize pia “nani hajawahi kumeza?”

Hoja hiyo ilijitokeza tena wakati Shirika la Afya Duniani lilipokuwa likitafakari mchanganyiko wa dawa tatu, yaani ivamektini, dietilkarbamazini na albendazoli, uliopendekezwa mwaka 2017 kwa maeneo maalumu yasiyo na usubi. Modeli tatu zilizotengenezwa na makundi tofauti zilionesha kwamba mchanganyiko huo unaweza kupunguza idadi ya duru zinazohitajika. Hata hivyo, zilionya kwamba faida hiyo hutegemea dawa kuwafikia watu wa kutosha, wakiwemo waliokuwa wakikosekana. Dawa iwe bora kiasi gani, haimtibu mtu ambaye haijamfikia.

Kwale: utabiri uliopimwa uwanjani

Modeli hupata heshima pale utabiri wake unapopimwa na kuthibitika. Mfano mmojawapo unatoka Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Kwa miaka mingi dawa za minyoo ya tumbo zimekuwa zikigawiwa shuleni, kwa kuwa watoto ndio wanaoathirika zaidi na baadhi ya minyoo na pia ni rahisi kuwafikia. Modeli zilitoa hoja tofauti kuhusu safura. Minyoo wa safura hujazana zaidi kwa watu wazima. Kwa hiyo kuwatibu wanafunzi pekee ni sawa na kuteka maji kwenye mtumbwi huku tundu likiachwa wazi.

Kati ya mwaka 2015 na 2017, utafiti uitwao TUMIKIA ulilinganisha njia tatu katika kaunti hiyo ya pwani. Kwa ugawaji wa shuleni mara moja kwa mwaka, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Kwa ugawaji kwa jamii nzima mara moja kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Kwa ugawaji kwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Mwelekeo uliotabiriwa ulithibitika: watu wazima wakijumuishwa, ugonjwa hushuka kwa kasi zaidi.

Mabadiliko kama hayo yameonekana pia katika kichocho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza kwamba katika jamii ambazo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, dawa ya prazikwanteli itolewe kila mwaka kwa watu wote wenye umri wa miaka 2 na kuendelea, badala ya wanafunzi pekee. Sambamba na hilo, tafiti zilizofanyika kando ya Ziwa Victoria, nchini Tanzania na Kenya, zilibaini vijiji ambavyo maambukizi hayakushuka kama ilivyotarajiwa licha ya kupata dawa sawa na vijiji jirani. Kila siku wakazi hurejea ziwani kuvua, kufua na kuteka maji, na konokono wanaohifadhi vimelea bado wamo. Katika maeneo hayo sugu, hesabu zinaelekeza kwamba dawa iambatane na maji safi, vyoo na udhibiti wa konokono.

Malale: wanaokosekana kwenye vipimo

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo inayoripoti wagonjwa wengi zaidi wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung’o. Udhibiti wake umetegemea timu zinazotembelea vijiji kupima watu na kuwatibu wanaokutwa na vimelea. Idadi ya wagonjwa walioripotiwa Afrika ilikaribia 40,000 mwaka 1998, na ilishuka chini ya 1,000 mwaka 2018.

Watafiti waliochambua takwimu za maeneo ya Yasa-Bonga na Mosango, magharibi mwa nchi hiyo, walijaribu modeli kadhaa. Zilizolingana vyema na hali halisi ni zile zilizochukulia kwamba wapo watu walio katika hatari kubwa ya kuumwa na mbung’o ambao hawahudhurii upimaji. Timu inapofika kijijini, watu hao huwa mashambani, misituni au mitoni. Modeli hizo zilionesha kwamba upimaji pekee ungechukua miaka mingi kukata maambukizi, lakini ukiunganishwa na udhibiti wa mbung’o muda huo ungefupika sana. Kuanzia mwaka 2015, vitambaa vidogo vya buluu vilivyotiwa kiuatilifu viliwekwa kandokando ya mito ya Yasa-Bonga ili kuwavutia na kuwaua mbung’o.

UVIKO-19 na gharama ya kusimama

Aprili 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za ugawaji dawa kwa jamii ziahirishwe kwa muda kutokana na janga la UVIKO-19. Wataalamu wa modeli walitakiwa kukadiria madhara. Walibaini kwamba hasara haitakuwa sawa kwa kila ugonjwa. Magonjwa yanayojijenga haraka, kama vile trakoma, kichocho cha tumbo na baadhi ya minyoo ya tumbo, yangerudi kwa kasi katika maeneo yenye uambukizaji mkubwa. Magonjwa yanayokwenda taratibu yangechelewesha malengo pasipo mlipuko wa ghafla. Makadirio hayo yalisaidia kuelekeza nguvu pa kuanzia pale huduma ziliporejea, ikiwemo kuongeza duru za ziada katika maeneo yenye hatari kubwa.

Takwimu huanzia kwenye daftari la kaya

Modeli haiwezi kuwa bora kuliko takwimu zinazoilisha. Kosa la kawaida ni idadi ya wakazi. Kijiji kikiwa na watu 1,000 katika daftari na 800 wamemeza dawa, taarifa itasema asilimia 80. Iwapo wakazi halisi ni 1,300, kiwango cha kweli ni asilimia 61.5, chini ya lengo la asilimia 65. Kijiji hicho kitahesabika kuwa kimefaulu wakati hakijafaulu, na uamuzi wa kusitisha dawa utajengwa juu ya msingi dhaifu.

Kwa sababu hiyo, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, ni nyenzo ya afya kama ilivyo nyenzo ya mipango. Vivyo hivyo kwa daftari la mhudumu wa jamii. Jina la aliyekosekana likiandikwa kwa uaminifu, pamoja na sababu ya kukosekana kwake, lina thamani kubwa kwa modeli kuliko asilimia ya kupendeza iliyokadiriwa mezani.

Mipaka ya modeli

Modeli si ramli. Haitoi tarehe ya hakika ya ugonjwa kuisha. Hutoa uwezekano, pamoja na ukubwa wa shaka iliyopo. Modeli mbili zilizojengwa kwa dhana tofauti zinaweza kutoa majibu yanayotofautiana. Ndiyo maana ushirika wa kimataifa wa watafiti wa modeli za magonjwa haya, unaofanya kazi tangu mwaka 2015, umekuwa ukitumia zaidi ya modeli moja kwa ugonjwa mmoja. Zikikubaliana, uamuzi hupata nguvu. Zikitofautiana, hapo panahitajika utafiti zaidi uwanjani.

Mwaka 2020 watafiti wa ushirika huo walichapisha kanuni 5 za kuzingatiwa kabla modeli haijatumika katika sera. Watumiaji wa matokeo washirikishwe tangu mwanzo. Modeli ielezwe kwa ukamilifu. Takwimu zilizotumika zibainishwe. Kiwango cha shaka kisemwe wazi. Na utabiri uwe wa namna inayoweza kupimwa. Kanuni hizo humpa msimamizi wa mpango wa afya haki ya kumuuliza mtaalamu wa hisabati: umepata wapi takwimu hizi, una uhakika kiasi gani, na tutajuaje kama umekosea?

Uamuzi wa mwisho hubaki kwa mamlaka za afya na jamii zenyewe. Hisabati haijengi choo, haifuniki shimo la maji machafu wala haimshawishi mtu aliyekataa dawa. Inachoweza kufanya ni kuonesha mahali ambapo juhudi zinavuja. Katika usubi, matende, safura, kichocho na malale, imeonesha jambo lilelile kwa njia mbalimbali: ugonjwa hudumu kwa wale ambao huduma haijawafikia. Mhudumu anayerudi mara ya pili kwenye nyumba aliyoikuta imefungwa, ili amkute mvuvi aliyetoka dago au kijana aliyerejea kutoka machimboni, anaisogeza jamii yake kuelekea chini ya ukomo ambao ugonjwa hauwezi tena kuuvuka.